Miamala ya pamoja, sambamba, au inayopishana?

SWALI: Nafundisha kompyuta katika chuo kimoja hapa Tanga. Kuna mada inayoeleza jinsi kanzidata inavyowasimamia watu wengi wanaogusa taarifa ileile kwa wakati mmoja. Mwenzangu anaiita "udhibiti wa upamoja", mimi "udhibiti wa usambamba". Nani kapatia? Na miamala miwili ikinasana, tusemeje?

JIBU: Mwalimu, yote mawili nayaogopa.

Tuanze na "pamoja". Ukisema Asha na Juma wameweka pesa pamoja, msikilizaji anaelewa kwamba wamechanga, wakaweka mara moja. Mada yako inahusu jambo jingine. Akaunti ya kikundi ina shilingi 100,000. Asha anaweka 20,000 dirisha hili, Juma 30,000 dirisha lile, wala hawaonani. Madirisha yote mawili yamesoma 100,000. La Asha linaandika 120,000, kisha la Juma linaandika 130,000 juu yake. Elfu ishirini za Asha zimepotea, na hakuna aliyeiba. Hapo hapana upamoja wowote.

"Sambamba" nalo ni mwendo wa ubavu kwa ubavu, kila mmoja na njia yake. Reli mbili zi sambamba kwa sababu hazikutani. Miamala yetu inakutana, tena kwenye rekodi moja.

Kitenzi kinachofaa unacho hapo mjini kwako. Baiskeli mbili zikikutana katika kichochoro chembamba Ngamiani, moja husogea ukutani, nyingine ikapita: zimepishana. Ndiyo kazi ya kanzidata hiyo, kuipishanisha miamala isigongane. Ningeandika "udhibiti wa miamala inayopishana". Nomino "mpishano" niiache, maana wengi wakiisikia huwaza hitilafu ya maoni.

Kwenye kufuli, yaani kizuizi kinachowekwa kwenye rekodi ili muamala mwingine usubiri kwanza, sema muamala *unashika* kufuli na *kuliachia*. "Kufunga rekodi" kunababaisha, kwani hata hesabu za mwaka hufungwa, na hapo ndiyo zimekwisha. Vitenzi hivyo viwili vinaibeba vizuri pia kanuni ya awamu mbili, ambayo Jim Gray na wenzake wa IBM waliieleza mwaka 1976: muamala ukishaachia kufuli moja, hauruhusiwi kushika jingine.

Sasa kunasana. "Mkwamo" ni sahihi, ila hausemi nani kamkwamisha nani. Muamala wa kwanza umeshika akaunti ya Asha, unataka ya Juma. Wa pili umeshika ya Juma, unataka ya Asha. Kiswahili kina kiambishi -an- kwa ajili ya hili hasa. Muamala *unaongoja* utafikiwa zamu yake. Miamala *inayongojana* haitafikiwa kamwe, mpaka mfumo uutengue mmoja. Kwa hiyo wanafunzi wako waandike: "Miamala hii inangojana, wa pili umetenguliwa, utaanza upya."