Kesi ni Yao, Namba ya Simu ni Yangu

Msomaji mmoja wa Nakuru ameniandikia wiki hii. Kampuni iliyomkatia bima inashtakiana na wakala wake wa zamani, na sasa watu asiowajua wanampigia simu wakimtajia hadi tarehe bima yake inapoisha. Anauliza kama kuna la kufanya. Lipo, ndugu yangu, na mimi nimelifanya.

Mimi nilinunua pikipiki kwa mkopo, nikaumaliza. Baadaye wabia wa kampuni iliyonikopesha wakagombana, mmoja akala kiapo kwamba wateja ni wake, akaambatisha orodha yetu nzima kama kielelezo. Nililipa ada ya kukagua faili pale masjala ya mahakama, nikajionea: majina yangu matatu, namba ya kitambulisho, namba ya simu, jina la mke wangu kama mdhamini. Safu ya mwisho, kwa herufi kubwa: MSUMBUFU. Eti kwa sababu niliwahi kuuliza riba inavyohesabiwa! Mpaka leo linaniuma.

Wengi wetu tukisikia neno mahakama tunanyamaza. Usinyamaze. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinalinda faragha yako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data itumike kwa kiasi kinachohitajika tu. Kampuni ina haki ya kuthibitisha madai yake, lakini kuthibitisha idadi ya wateja hakuhitaji jina la mke wangu. Hata kule Marekani, katika kesi ya Viacom, kampuni ya televisheni na filamu, dhidi ya Google, mwenye YouTube, mwaka 2008 jaji aliamuru rekodi za watazamaji wa YouTube zitolewe, na bado pande mbili zikakubaliana kuficha utambulisho wa watazamaji. Kesi iliendelea bila majina yao.

Niliiandikia kampuni, wakili wao akajibu kwamba suala liko mahakamani. Nikapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, anayesimamia sheria hiyo ya 2019. Mambo ya kusubiri nayaruka. Mwezi uliopita tulikaa kwenye upatanisho, wakakubali kuiomba mahakama ruhusa ya kubadilisha kielelezo: namba za akaunti mahali pa majina. Na fidia wakanilipa. Sikuwa na wakili.

Kwa hiyo andika. Uliza kwa maandishi wana data gani yako na wamempa nani. Kanuni zinawapa siku 7 kukujibu. Weka nakala. Wakikaidi, lalamika, Kamishna ana siku 90 za kuamua, na meno anayo: mwaka 2023 aliitoza Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya simu, faini ya shilingi 2,975,000.

Najua wengi mnaosoma hapa mnajenga biashara zenu. Siku mtakayogombana na mbia, orodha ya wateja isiwe silaha yenu. Watu hao waliwaamini. Futeni majina kabla wakili hajaigusa, na maoni yenu kuhusu mteja msiyaandike kabisa.

Na wewe mteja, wakikuambia kwa simu kwamba ni siri ya kesi, waambie wakuandikie hivyohivyo kwa barua, yenye sahihi na muhuri.