Anaelewa Akisimuliwa, Kusoma Hawezi

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 husoma kwa kubahatisha. Mwalimu ashauri apimwe. Tuanzie wapi?

JIBU: Anzeni na macho na masikio, asiyesikia vizuri naye huchanganya herufi. Kisha mwanasaikolojia wa elimu ampime kufikiri, kusoma, kuandika na hesabu. Apewe pia asome maneno ya kubuni, mfano “budafi”: hayakaririki, hivyo hufichua ugumu wa kuunganisha sauti. Katika vipimo vingi, alama ya wastani kwa rika ni 100. Alama 85 si asilimia 85 (wazazi wengi huteleza hapa); ina maana amewazidi takriban watoto 16 kati ya 100 wa rika lake. Apimwe kwa lugha anayoimudu, na kipimo kilekile kisirudiwe kabla ya mwaka, maana atakuwa ameshakizoea.