Betri ya akiba kwa boti ndogo

Ndugu yangu wa Nungwi, umeuliza kama betri kuukuu ya gari yafaa kuwa akiba ya redio, GPS na taa ukienda Mnemba. Haifai. Hiyo hutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache tu. Ukiimaliza chaji kila mara, sahani za ndani hufa.

Vyote vikila wastani wa ampea 2 kwa saa 10, ni ampea-saa 20. Betri ya risasi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo chukua AGM (betri ya risasi iliyozibwa, isiyomwagika) ya ampea-saa 50.

Ifunge kwa mkanda, juu ya maji ya ngama (yale yanayokusanyika chini ya boti), fyuzi karibu na kichwa cha chanya. Kaza nyaya kwenye vichwa vya betri, kisha paka grisi. Chumvi ikishaotesha hapo ule unga wa kijani, umeme hupita kwa shida: redio inapokea vizuri lakini ukibonyeza kusema inazimika, maana kusema hula ampea 5 au 6. Na tafadhali, itenge kwa swichi na betri ya kuwashia mashine; zikilala zimeunganishwa na kitu kimeachwa kinawaka, asubuhi zote mbili huenda zimekwisha.