Muulize Ami: Buti kwanza, bodi baadaye

*Assalam aleikum Ami. Mimi ni kijana wa hapa Malindi, nacheza kaiti (ubao wa baharini unaovutwa na tiara) Mayungu kusi ikivuma vizuri, na inshallah mwezi wa kumi na moja narudi Livigno kule Italia, nina kazi ya msimu jikoni hotelini. Snoubodi ya buti laini nilijifunza mwaka jana. Sasa kuna mzee wa Kitaliano mwenye nyumba huku Casuarina amenipa bodi yake ya zamani, nyembamba, imeandikwa 185, juu ina bindingi (vishikio vya buti) za chuma zisizo na mikanda, anasema ni ya buti ngumu za ganda la plastiki, ile ya kulala kwenye kona mpaka mkono unagusa theluji. Nimeona video Ami, silali. Buti ninunue saizi gani (viatu navaa 43), hii bodi itanifaa, na miguu naiweka vipi? Urefu wangu sm 176, kilo 74. — Wa Mayungu*

Waaleikum salaam mwanangu, na hongera kwa kazi. Nikujibu moja kwa moja: hiyo 185 iache ukutani msimu huu, pesa yako yote ya kwanza iende kwenye buti, na buti usinunue kabla hujaivaa. Vingine vyote ni mtumba, vinauzika, vinabadilishika, lakini buti isiyokukaa itakumaliza hamu kabla hujajua raha yenyewe iko wapi, na mimi nataka uijue manake hakuna kitu kitamu kwenye theluji kama kona iliyokatwa safi, ukigeuka nyuma unaona mstari mmoja mwembamba tu, hakuna mahali bodi imekwaruza.

Sasa buti. Hiyo 43 isahau, hawa watu wanapima mguu kwa sentimita. Simama kisigino ukutani, uzito wote mguuni, weka alama mbele ya kidole kirefu, pima. Pima miguu yote miwili na ushike ule mrefu. Mguu wa 43 mara nyingi unakuja 27 au 27.5, lakini pima wewe mwenyewe. Ukifika dukani toa kile kiatu cha ndani, ingiza mguu kwenye ganda tupu la plastiki, sogeza mpaka vidole viguse mbele kidogo tu, kisha umwambie muuzaji aangalie nyuma ya kisigino: nafasi ya sentimita moja na nusu hivi, vidole viwili vikiingia kwa kubana basi ndo penyewe, vikiingia vitatu hiyo ni kubwa hata kama unaisikia nzuri. Ukiivaa kamili, umesimama wima vidole vinagusa mbele, ukikunja magoti ukaegemea mbele vinarudi. Kisigino kisinyanyuke. Wengi hununua kubwa kwa sababu dukani inaburudisha, halafu mlimani wanakaza bizimu mpaka mguu unakufa ganzi na bado kisigino kinaelea. Viatu vingi vya ndani siku hizi vinapashwa moto dukani vikachukua umbo la mguu wako, hiyo huduma iombe, usione haya.

Majina ya watengenezaji wa buti ngumu utakayokutana nayo ni UPZ na Deeluxe. Maduka mengi ya kukodisha yana buti laini tu, kwa hivo piga simu mapema uulize nani anaweka za ngumu. Na Livigno yenyewe haina VAT, sa ukipata pale pale umeokoa kitu. Za mtumba pia zipo, lakini plastiki inazeeka hata ikiwa kabatini, nimeona ganda limepasuka kwenye kifundo cha mguu na kwa nje liling'ara kama jipya. Kagua pale bizimu zilipofungwa na kwenye kifundo, ukiona ufa mwembamba kama unywele, rudisha.

Turudi kwa bodi. Sentimita 185 ni urefu wa mashindano ya giant slalom (mbio za kona pana), imetengenezwa kwa mtu anayeshuka kasi sana na mwenye nguvu za kuikunja. Angalia kama imeandikwa R na namba pembeni, hiyo ni nusu kipenyo ya duara ambalo ubavu wa bodi, ule uliopinda kuingia ndani, ungelichora ukiuendeleza mpaka mwisho. Bodi ya kujifunzia wewe tafuta R ya mita 9 mpaka 12, urefu 160 hadi 168 hivi, kiuno (pale katikati palipo pembamba) sm 20 au 21. Ukiilaza, kona inakuwa ndogo kuliko hiyo namba: bodi yenye R ya mita 10 ukiilaza digrii 60 inakata duara lenye nusu kipenyo ya kama mita 5. Ndo maana wale wa kwenye video wanageuka karibu karibu hivo na hawaisukumi bodi kwa mguu wa nyuma, wanailaza tu, mkato wa ubavuni unafanya kazi. Yenye R kubwa itakutaka mteremko mpana na kasi ambayo bado hujaizoea, na pale Jumapili mlima umejaa watoto.

Miguu. Kwenye kaiti umezoea kusimama ubavu, vidole vyatazama nje. Hapa miguu yote miwili yatazama mbele, digrii 50 na kitu mpaka 65 (sifuri ni mguu uliokingama bodi), na sababu si mbwembwe. Bodi ni nyembamba kuliko buti ilivyo ndefu, buti ikitokeza nje ya bodi, ukilala kwenye kona plastiki inagusa theluji kabla ya makali (ukingo wa chuma wa bodi), makali yananyanyuka na wewe unaanguka kwa nyonga. Kwa hivo digrii huchagui kwa kuiga mtu, unachaguliwa na mguu wako na upana wa bodi. Fanya hivi: funga buti kwenye bindingi, chukua rula uisimamishe wima ikigusa makali ya bodi pale pale buti ilipo (si kiunoni, maana buti ilipo bodi ni pana zaidi kidogo), uone ncha ya buti na kisigino vyote viko ndani ya rula. Kikitokeza, ongeza digrii. Halafu sogeza bindingi mbele au nyuma mpaka ncha na kisigino viwe mbali sawa na makali ya kila upande, wengi hii wanairuka, kisha wanashangaa kona ya upande wa vidole ni nyepesi na ya kisigino inawakataa.

Kwa mguu wa 27 na bodi ya kiuno sm 20 anza na 57 mbele na 54 nyuma. Wa nyuma uwe sawa na wa mbele au pungufu ya digrii tatu mpaka tano, usizidishe, goti la nyuma litajipinda. Umbali wa mguu mpaka mguu anza na sm 48, ukisikia magoti yanavutana punguza kidogo. Bindingi nzuri huja na kabari za plastiki: mguu wa mbele unyanyue vidole, wa nyuma unyanyue kisigino, hapo magoti yanaelekeana yenyewe. Nyuma ya buti kuna kishikizo cha kuegemeza muundi mbele, wa nyuma uegemeze zaidi ya wa mbele.

Bindingi za mzee zitoe uzikague, kama chuma hakijapinda zitatumika kwenye bodi nyingine. Skrubu ni M6 (unene milimita 6), bisibisi ya Pozidriv namba 3 (ile ya nyota ya kawaida itakula vichwa), ziingie mizunguko mitano sita kabla ya kukaza, ndefu mno zinasukuma chini ya bodi na fupi mno zinang'oa nyuzi za tundu. Mshuko wa kwanza ukiisha kaza tena. Kile chuma cha mbele cha bindingi kikifungwa kiwe kigumu kwa kidole gumba lakini kifunge, buti isicheze hata kidogo.

Na hiyo 185 usiidharau, ni bodi ya kuifikia. Ila hewa yetu ya chumvi inakula makali, pangusa kutu kwa jiwe la kunolea, paka nta nzito chini na kwenye makali yote, uifunge kwa nguo kavu, si nailoni.

*Shikamoo Ami. Niko Lamu, Shela, mume wangu yuko Austria na mwaka huu naenda kwa mara ya pili. Tangu nisome kuwa Sabrina Simader aliyeshindana skii Olimpiki ya 2018 kazaliwa huku kwetu Kilifi, nimesema na mimi lazima. Nina buti za skii, mguu 23.5, kilo 54. Naweza kuanza nazo kwa bodi ya buti ngumu? — Mama Rukia*

Marahaba mwanangu. Kuanza unaweza, zinaingia kwenye bindingi za chuma zinazofungwa mbele na nyuma, mradi soli iwe bapa ya zamani, si ile ya kisasa iliyopinda mbele kwa ajili ya kutembea, hiyo haishiki sawa. Legeza bizimu za juu, buti ya skii ni ngumu sana kwenda mbele na kwenye bodi unahitaji kifundo kikunjike. Soli yake pia ni ndefu kuliko ya buti ya bodi kwa mguu ule ule, itabidi digrii zaidi. Mguu wako mdogo ni bahati, utapata bodi nyembamba bila shida. Kwa kilo zako iwe laini na fupi, 150 hadi 158. Pima soli yako kwa milimita (mara nyingi imeandikwa ubavuni mwa kisigino) uniandikie kabla hujamtuma baba Rukia dukani.