Kamba ya saa nne usiku

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mhasibu wa nyumba ya wageni Shela, naishi Langoni, Lamu, na umri wangu ni miaka 38. Tangu msimu wa wageni uanze kichwa hakitulii: mahesabu hayalingani, watu wanaghairi safari, na tajiri anapiga simu mpaka usiku. Niliambiwa mazoezi huondoa msongo wa mawazo, nikanunua kamba. Naruka kila siku saa nne usiku watoto wakishalala, dakika 30, mpaka saa yangu ya mkononi inaonyesha mapigo 170. Huu ni mwezi wa pili. Badala ya kupumzika nakesha macho yako darini, na asubuhi naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Je, mazoezi ndiyo yanayoniongezea msongo? Na hii kamba niitupe?

JIBU: Marahaba dada. Hicho cheo cha udaktari umenipa wewe. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, kazi yangu migongo na magoti ya watu. Lakini swali lako limeniangukia mlangoni. Mazoezi uliyoambiwa ni sawa. Ulichokosea ni kipimo na saa.

Tuanze na simu ya tajiri. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Ubongo ukihisi shari, tezi hizo humwaga homoni za kuamsha mwili: adrenalini, kisha kortisoli. Moyo unakwenda mbio, presha inapanda, sukari inaingia kwenye damu ili misuli ipate nguvu za kukimbia au kupigana. Mwili haujui kwamba shari yenyewe ni ankara iliyokosewa hesabu. Wewe umekaa kitini, miguu haina pa kukimbilia, na kabla hujatulia simu nyingine inalia. Kupanda huko hakuna ubaya, kila kiumbe hupanda. Balaa ni mwili uliosahau kushuka.

Mazoezi nayo hupandisha adrenalini, na yakiwa makali hupandisha kortisoli pia. Ila yakimalizika, mwili hupata nafasi ya kurudi chini. Ukiufanyia hivyo wiki baada ya wiki, unazoea kupanda kwa kiasi na kushuka upesi. Moyo wenyewe hupata nguvu, kila pigo likasukuma damu nyingi zaidi, na ukiwa umepumzika mapigo yanapungua. Ipo na nafuu ya siku hiyo hiyo: wengi wakitoka kutembea huona wasiwasi umelegea kwa saa kadhaa. Lakini mabadiliko ya kudumu huhesabiwa kwa wiki nyingi, siyo kwa siku.

Sasa hayo mapigo 170. Kukadiria mwisho wa mapigo ya moyo kwa dakika, tunatumia 220 ukitoa umri, kwako ni 182. Kwa hiyo kila usiku unaupeleka moyo kwenye asilimia 93 ya mwisho wake. Mazoezi ya wastani kwa umri wako ni kati ya mapigo 116 na 138 hivi. Bila saa, pima kwa mdomo: uwe unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za makali, pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Wewe unaruka dakika 210 za makali, bila siku ya mapumziko. Kwa mwanariadha aliyezoea, haya si kitu. Kwa aliyeanza juzi, tena hana usingizi, ni kuongeza mzigo juu ya punda aliyekwisha kulala njiani.

Saa nne usiku ndiyo kosa kubwa zaidi. Ili ulale, joto la ndani ya mwili linatakiwa lishuke kidogo na moyo upunguze mwendo. Kamba inafanya kinyume, na kwa joto letu la kaskazi, chumba hakina upepo, mwili unachelewa kupoa. Mazoezi makali yaishe angalau saa mbili tatu kabla ya kulala. Tena nakuuliza, jioni unakunywa nini? Kahawa ya saa kumi na moja, karibu nusu ya kafeini yake huwa bado imo mwilini saa nne usiku. Na kama kuna miraa au muguka, hizo zinapandisha mapigo na kufukuza usingizi. Hapo kamba inasingiziwa bure.

Dawa yako iko njiani kwako. Asubuhi panda mashua kama kawaida. Jioni, ukitoka kazini, rudi Amu, yaani mjini Lamu, kwa miguu. Ni kama kilomita tatu, dakika 40 kwa mwendo wa haraka, unafika kabla ya magharibi. Siku nne kwa wiki ni dakika 160. Lakini nimesema mwendo wa haraka. Sisi hujisifu kwamba mji wetu hauna magari na tunatembea sana. Kutembea gani? Hatua tatu salamu, hatua tano habari za nyumbani, punda akipita tunajibanza ukutani. Hiyo ni ziara. Tembea kama mtu anayekimbilia mashua ya mwisho, salamu mpe mtu bila kusimama. Buibui halikuzuii, ndara ndizo zitakazokuzuia, vaa raba. Nenda na mwenzako wa kazini, njia iwe na usalama na isiwe ndefu.

Kuna shida moja ya hapa kwetu, nayo ni maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alasiri kuelekea jioni, na njia ya ufukweni inakuwa taabu. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo baada ya siku chache utaipata njia yako tena. Muulize nahodha, usiende kwa kubahatisha. Siku hizo zifanye za misuli: panda na kushuka ngazi za nyumbani dakika kumi, inuka kitini mara kumi bila kushika kitu, sukuma ukuta, nyanyua dumu la lita tano kwa kila mkono. Rudia mzunguko huo mara mbili au tatu. Mwezi wa Ramadhani punguza mwendo, tembea polepole karibu na kufuturu au baada ya tarawehe.

Jambo moja sitakudanganya. Hakuna kutembea kutakakomnyamazisha tajiri. Mkubaliane saa ya mwisho ya kupigiwa, hata kama ni saa mbili usiku, kisha simu ibaki chumba kingine. Nimeona watu wakitembea kilomita nyingi huku wanajibu ujumbe wa kazi. Hao wamehamisha ofisi tu.

Kabla hujaanza, nenda ukapimwe presha na damu, kwa sababu upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo pia huleta uchovu na moyo kwenda mbio. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu cha kutaka kuanguka au pumzi kukatika usivyozoea, simama na uende hospitali siku hiyo hiyo. Na ukiona huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili, au chakula na watoto havikupi raha tena, hapo panahitaji mtu wa afya ya akili.

Wewe ni mhasibu, basi fungua ukurasa daftarini: kila asubuhi kabla hujainuka kitandani hesabu mapigo kwa dakika moja nzima, uyaandike pamoja na saa ulizolala. Baada ya wiki nane nitumie huo ukurasa.

Kamba usiitupe. Pumzika nayo wiki mbili mpaka usingizi urudi, halafu iruke siku moja kwa wiki, siku usiyokwenda kazini, asubuhi baada ya alfajiri, dakika moja kuruka na moja kupumzika, mara sita. Watoto wakiamka wape nao zamu.