Maswali yenu: Oscar Wilde, mshairi aliyejificha nyuma ya tamthilia

Wilde alikuwa Mwingereza?

Mwairishi. Alizaliwa Dublin tarehe 16 Oktoba 1854. Baba yake alikuwa daktari wa macho na masikio. Mama yake, Jane, alitunga mashairi kwa jina la Speranza. Uingereza alikwenda kusoma Oxford, kisha akakaa London.

Mimi namjua kwa tamthilia tu. Ushairi aliuanza lini?

Ushairi ndio uliotangulia. Mwaka 1878, akiwa bado mwanafunzi, alishinda Newdigate, tuzo ya ushairi ya Oxford, kwa shairi la "Ravenna", na diwani yake ikatoka 1881. Tamthilia za kuchekesha zilizompa jina ni za 1892 hadi 1895. Kwa maoni yangu, mengi ya mashairi yake ya ujana yamejaa mapambo, hayamgusi mtu. Ninalolipenda ni "Requiescat", alilomtungia mdogo wake Isola, aliyefariki 1867 akiwa na miaka tisa. Maneno mafupi mno, kama ya mtu anayenong'ona kando ya kaburi.

Ni kweli shairi lake kubwa, "The Ballad of Reading Gaol" (shairi la gereza la Reading), alilitunga gerezani?

Alilitunga baada ya kutoka, mwaka 1897, akiwa Ufaransa na Italia. Lakini mbegu yake ni ya gerezani. Mei 1895 alihukumiwa miaka miwili na kazi ngumu kwa mahusiano yake na wanaume, jambo lililokuwa kosa kwa sheria ya Uingereza wakati huo. Akiwa katika gereza la Reading, tarehe 7 Julai 1896, alinyongwa humo askari Charles Thomas Wooldridge, aliyemuua mkewe. Shairi halimtetei askari yule. Linakesha na wafungwa wenzake usiku wa kuamkia siku ile, watu wasioweza kulala kwa kifo cha mwingine. Someni sehemu hiyo polepole.

Lilipotoka Februari 1898, mtunzi alitajwa kama C.3.3: jengo C, ghorofa ya tatu, chumba cha tatu. Ndiyo namba aliyoitwa huko. Jina lake halikutiwa hadi toleo la saba, 1899.

Eti mshororo wa kwanza una kosa?

Unasema askari hakuvaa koti lake jekundu, kwa sababu damu na divai ni nyekundu. Kikosi chake kilivaa buluu. Mimi simlaumu Wilde: ubeti ule bila wekundu ungekufa.

Lina vina na mizani?

Lina beti 109 za mishororo sita. Mizani hupokezana, nane kwa sita, na vina hukutana katika mshororo wa pili, wa nne na wa sita. Aliyezoea utenzi atausikia mwendo wake mara moja.

Amezikwa wapi?

Paris, alikofariki tarehe 30 Novemba 1900 akiwa na miaka 46. Tangu 1909 yuko makaburi ya Père Lachaise. Kaburini imechongwa mishororo minne ya shairi lile lile: watakaomlilia ni waliotengwa, na waliotengwa hulia daima.