Programu mbili kompyuta moja hazionani? Achana na bando, angalia nani anasikiliza

Wakuu, huku Kigoma nikiitwa kuangalia mfumo wa mauzo uliogoma, nikifika nakuta rauta ishazimwa na kuwashwa mpaka imechoka, na dada wa kaunta ananiambia "kaka, inasema hakuna konekshen, nimeongeza bando lakini wapi." Mfumo na databesi yake vyote vimo kwenye kompyuta ileile hapo mezani! Programu ikiita 127.0.0.1, yaani anwani ya kompyuta kujiita yenyewe, mazungumzo hayatoki nje ya mashine, hayapiti kwenye waya wala waifai, hata ukichomoa kila kitu yanatakiwa yaende. Inaniuma sana kuona mtu anaunguza hela ya bando kwa tatizo ambalo intaneti haihusiki nalo kabisa.

Anza na eror yenyewe, isome. Ikija fasta kwamba konekshen imekataliwa, basi mara nyingi mashine imepokea ombi, ikaangalia ile poti (namba ya mlango ambao programu inapokelea maombi), haikukuta mtu anayesikiliza, ikajibu hapana. Yaani seva (programu inayopokea maombi, kama hiyo databesi) haijawaka, au imewaka kwenye poti nyingine. Ila ikizunguka weee mpaka muda unaisha, hapo shuku fayawoli, yaani mlinzi wa konekshen, inayotupa maombi kimyakimya, au seva ipo lakini imeelemewa haipokei tena. Haya ni magonjwa mawili tofauti, usiyape dawa moja.

Halafu muulize mashine nani anasikiliza. Linux andika sudo ss -ltnp, Windows andika netstat -ano, ile namba ya mwisho kabisa ndo namba ya programu, katafute kwenye Task Manager ni ya nani. Sasa hapa watu wengi wanaangalia poti tu, 3306 ya databesi ya MySQL ipo, wanaridhika, wakati anwani iliyo kabla ya poti ndo yenye siri. 0.0.0.0 maana yake anasikiliza kwenye anwani zote za IPv4 (aina ya zamani ya anwani za mtandao) za mashine, 127.0.0.1 ni ndani tu, na ukiona [::1] hiyo ni ndani pia lakini kwa IPv6, aina mpya, na hizi mbili za mwisho hazipokeleani simu. Jina localhost, maana yake kompyuta hii hii, linaweza kwenda kokote kati ya hizo mbili. Node.js, inayoendesha kodi za JavaScript, kuanzia toleo la 17 la mwaka 2021 iliacha kuitanguliza IPv4, kwa hiyo kodi iliyokuwa inafanya kazi vizuri tu ikaanza kukataliwa baada ya kuapdeti, mtu hajagusa hata mstari mmoja. Ukiona eror imetaja ::1 na seva yako iko 127.0.0.1, andika 127.0.0.1 moja kwa moja kwenye setingi, imeisha hiyo.

Kwa MySQL kwenye Linux kuna jingine, ukiandika localhost programu nyingi haziendi kwenye poti kabisa, zinapitia faili la soketi, faili maalum la programu za mashine moja kuongea, kwenye Ubuntu ni /var/run/mysqld/mysqld.sock. Eror ikitaja faili usihangaike na 3306, piga ls -l uone faili lipo na programu yako ina ruhusa.

Kuna stoo moja ya dagaa kule Kibirizi mfumo ulikuwa unagoma kila umeme ukikatika na kurudi, ila ukifungwa na kufunguliwa upya baadaye unakubali. Databesi ilikuwa inachelewa kuamka, programu inawaka mapema, inakataliwa mara moja na kukata tamaa. Dawa ni kuifanya programu iwe na subira, ikikataliwa ingoje sekunde chache ijaribu tena, na tena. Tangu hapo umeme ukirudi mauzo yanaendelea, hakuna wa kunipigia.

Mnaotumia Docker, inayoendesha programu ndani ya visanduku vinavyoitwa kontena, localhost ndani ya kontena ni kontena lenyewe, sio kompyuta yako. Na seva ikiwashwa ikasema anwani inatumika tayari, ama kuna programu ya zamani haijafa, itafute kwa ss ileile, ama umeizima sasa hivi na Linux bado inashikilia konekshen za zamani kwa sekunde 60, kwenye kodi ya seva weka SO_REUSEADDR (ruhusa ya kutumia tena anwani) kabla ya bind, pale seva inaposhika poti.

Mkitaka msaada wekeni picha ya eror nzima pamoja na majibu ya ss au netstat, ukiandika tu "mfumo umegoma mkuu" nitabaki nakuuliza maswali mpaka usiku.